Nyumba ya Bibi (picha za asubuhi njema MARUFUKU)

JUMANNE

Saida 19:02
Jamani habari za jioni. Tangazo mmeliona. Umeme unazimwa Ijumaa saa 12 jioni, unarudi Jumanne, wakitimiza ahadi. Najua wote mtakimbilia kwa Bibi. Basi kila mtu aseme analeta nini.

Saida 19:04
Nyumba itakuwa na watu 9. Nimepiga hesabu ya maji, maana pampu nayo inakula umeme. Lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kunawa kidogo. Siku 4. Lita 144. Madumu 8 ya lita 20.

Saida 19:31
Naona tiki za buluu. Mmesoma 17.

Idi 19:40
Mimi naleta kiu

Saida 19:41
Idi.

Idi 19:41
Dumu moja

Tatu 19:58
Nimetoka zamu sasa hivi. Dada Saida, kabla ya madumu kuna sindano za Bibi. Nani amezifikiria?

Saida 19:59
Ndiyo nilikuwa nafika huko

Tatu 20:03
Kichupa anachotumia sasa hakina tabu, insulini nyingi ikishafunguliwa inakaa nje ya friji hadi siku 28, ili mradi joto lisipite nyuzi 30 na jua lisiipige. Tatizo ni vile viwili vipya. Hivyo vinataka nyuzi 2 hadi 8. Na tafadhali sana mtu asije akavitia kwenye friza akidhani anasaidia. Ikiganda inatupwa, hata ikiyeyuka.

Mwana 20:05
Nani angefanya hivyo

Tatu 20:05
Mwana, wewe ulianika vidonge juani vikauke.

Idi 20:06
😂😂😂 vilikauka lakini

Kombo 20:10
Na nyama? Friza ya Bibi imejaa mpaka mlango unalia

Tatu 20:14
Ikijaa hivyo ni nzuri. Friza iliyojaa isipofunguliwa inashika baridi kama saa 48. Ikiwa nusu, saa 24. Friji ya kawaida saa 4 tu, basi. Kwa hiyo hesabuni: Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni. Nyama ya Jumatatu haipo, ipikwe mapema. Palipo na nafasi tieni chupa za maji kuanzia leo, msijaze hadi mdomoni, maji yakiganda yanavimba.

Saida 20:15
Kwa hiyo HAKUNA kufungua friza.

Idi 20:16
Tumfunge nani mikono

Kombo 20:16
Nimetajwa?

Idi 20:17
Sijamtaja mtu. Ila kile kisufuria kinajijua

Mwana 20:17
Tuliapa hatutakitaja tena 😭

Saida 20:20
Turudi kwenye madumu. Nina moja la Idi. Mengine 7?

Saida 20:44
Haya, taa. Betri ya kwangu nitaileta na inveta yake. Ni volti 12, saa-ampea 100. Tusiishushe chini ya nusu, inakufa mapema, kwa hiyo tuna wati-saa 600. Inveta nayo inakula kidogo, balbu 4 za wati 9 zitawaka kama saa 14 au 15. Simu kwa zamu.

Kombo 20:46
Na pasi? Jumapili nina shughuli

Feisal 20:49
Kaka, pasi ni wati 1,000 na zaidi. Hata dakika 40 hufikishi, sote gizani.

Idi 20:50
Lakini Kombo amenyooka

Mama mdogo Zuhura 21:07
Kwani jenereta iko wapi?

Mama mdogo Zuhura 21:15
Nimeuliza.

Saida 21:16
Mama mdogo, tumalize maji kwanza tafadhali

Mama mdogo Zuhura 21:18
Miaka miwili mnanimalizia maji. Mimi niliuza cherehani jenereta inunuliwe. Cherehani yangu. Jenereta ikaenda dukani kwa mtu "wiki moja".

Feisal 21:20
Shangazi, baba yuko safarini, mtandao unamsumbua

Mama mdogo Zuhura 21:20
Hapa naona "yuko mtandaoni". Mwizi ni mwizi hata awe wa tumbo moja.

Kombo 21:26
Ikirudi mimi nasema tuiweke koridoni isiibwe, halafu tunachomeka waya kwenye soketi, nyumba nzima inawaka

Feisal 21:27
HAPANA. Ukilisha soketi, umeme unatoka nje mpaka kwenye nyaya za barabarani. Fundi aliye juu ya nguzo anajua hakuna umeme. Unamuua.

Tatu 21:29
Na koridoni ndiyo kabisa. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi. Watu wanalala hawaamki. Ikae uani, mita 6 au zaidi kutoka madirishani. Jiko la mkaa vilevile, hata mkisikia baridi vipi msiliingize chumbani.

Idi 21:31
Kombo ametaka kutuua mara mbili ndani ya dakika moja

Mwana 21:52
Subirini. Bibi alinitaka nimsomee yote. Sasa ananiambia niandike anavyosema, nisipunguze.

Mwana 21:58
"Nilikuwepo ilipotoka mlangoni. Mimi ndiye niliyemwambia Hamisi chukua, duka lilikuwa linakufa na watoto wanasoma. Sikuwaambia wenzake. Hilo ni langu. Lakini nilimwambia wiki moja. Zuhura, kaka yako usimwite jina hilo mbele ya watoto. Cherehani yako sijaisahau. Hamisi, Ijumaa kabla jua halijazama, uilete mwenyewe. Usimtume mtoto."

Idi 21:59
Ujumbe huu umefutwa

Saida 22:30
Tumesikia Bibi.

JUMATANO

Mjomba Hamisi 05:12
Nimesikia mama.

Tatu 06:40
Bibi shikamoo. Kuhusu vile vichupa viwili: huku zahanati tuna friji ya jua, nitaomba. Wakikataa, chungu ndani ya chungu, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kibichi juu. Hakifiki nyuzi 8, ila kinazuia joto la mchana.

Saida 07:15
Ukiomba leo utajibiwa leo?

Saida 12:02
Tatu?

Kombo 12:20
Nitaleta madumu mawili. Moja lilikuwa la mafuta ya taa ila nimeliosha

Tatu 13:05
Kombo, HILO HAPANA, maji ya kunywa hayaingii humo. Saida, mkubwa wangu hayupo hadi kesho.

Saida 13:06
Kwa hiyo madumu mawili jumla. Mama mdogo Zuhura, wewe una yale ya bluu?

(Limesomwa)

ALHAMISI

Saida 08:00
Kumbusho: leo chajini kila kitu. Pawabenki, tochi, redio. Minara ya simu nayo ina betri za saa chache, tusitegemee kundi hili baada ya Ijumaa usiku. Umeme ukikatika chomoeni friji na televisheni, ukirudi huwa unarudi na kishindo.

Idi 08:20
Nimekumbuka, dumu langu lina tundu

Mjomba Hamisi 16:47
Nilitaka niseme mapema. Mashine haiwaki. Kamba ya kuwashia imekatika na petroli ilikaa humo muda mrefu, kabureta imeziba.

Feisal 16:50
Kusafisha kabureta naweza baba. Kamba ndiyo sina

Saida 16:51
Kwa hiyo inakuja au haiji?

Saida 17:20
Mjomba?

Mwana 17:33
Bibi anasema uilete hivyohivyo.

Mjomba Hamisi 18:10
Sawa.

Mama mdogo Zuhura 18:41
Madumu ya bluu ninayo. Manne. Nani anakuja kuyachukua, mgongo wangu mnaujua.

Saida 18:41
Asante mama mdogo!! Jamani nani ana gari kesho?

Saida 19:15
Nani ana gari?