Hita ya shawa inatekenya ukigusa koki, fundi anasema ni kawaida. Naomba ushauri

Nzuguni_Mpya
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, baridi ya Juni imeshaanza na nina watoto wadogo, nikafungiwa hita ile inayokaa juu ya shawa, wati 5,500. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi. Tangu ifungwe, ukigusa koki ya chuma huku maji yanatoka unasikia umeme unatekenya vidole. Fundi kasema ni chumvi tu, tuvae ndala. Nimechungulia nikaona ule waya wa kijani na njano umekunjwa na kuzungushiwa selotepu, haujaungwa popote. Umeme wenyewe kauchukua kwenye laini ya soketi. Tuendelee kuitumia?

fundi_wa_kati
Mkuu, zima kwenye mein swichi sasa hivi, asioge mtu humo. Hita nyingi za aina hiyo koili yake iko wazi ndani ya maji. Maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi, na waya huo wa kijani ndio unaoudaka na kuupeleka ardhini kabla haujakufikia. Ukikunjwa, njia inayobaki ni maji, koki na mwili wako. Ndala haziwezi kumlinda mtu aliyelowa aliyeegemea ukuta.

Mama Tatu
Jirani yangu aliambiwa auunge huo waya kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme). Inafaa?

fundi_wa_kati
Hapana dada, tena mwambie leo leo. Siku nyutro ikikatika huko nje, umeme wote unarudi bafuni kupitia waya huo huo.

Ohm_na_Volti
Naongezea, maana hapa wengi wanaponzwa: ethi (huo waya wa kijani na njano) peke yake haitoshi. Hita hiyo inavuta kama ampea 24, kwa hiyo breka yake huwa ya 32. Sasa tuseme ethi rodi yako (chuma kilichochimbiwa ardhini) ina ukinzani wa omu 20. Volti 230 zikivuja zote, zinazokwenda ardhini ni ampea 11 na nusu tu. Breka haitashtuka, kwake huo ni mzigo wa kawaida, na koki inabaki na umeme. Udongo wa Dodoma ukikauka kiangazi, ukinzani unapanda zaidi.

Kinachookoa maisha ni RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika hapo, inakata ndani ya sekunde 0.3. Weka na waya wa milimita 6 kutoka mein swichi moja kwa moja, na swichi ya dabo polo (inayokata laini na nyutro kwa pamoja) nje ya bafu. Ikiwa chumvi itafanya RCD ikatekate, usikubali fundi aiondoe. Badilisha hita, zipo za maji ya chumvi ambazo koili imefunikwa.

Nzuguni_Mpya
Nimezima, watoto watachemshiwa maji jikoni. Fundi wa kweli nitamjuaje?

Ohm_na_Volti
Muombe leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na aje na kipimo cha ethi, si testa ya bisibisi. Akimaliza, bonyeza kitufe cha T (cha kujaribu) kwenye RCD yeye akiwepo. Isipokata, kazi haijaisha. Baada ya hapo kibonyeze kila mwezi.