Shamba lililoachwa na wachimba dhahabu Ikolomani: alizeti zitanisaidia?

Mama wa Ikolomani

Hamjambo wakulima wenzangu. Nina robo ekari hapa Ikolomani, Kakamega, ambayo marehemu mume wangu aliwakodisha wachimba dhahabu kwa miaka sita. Waliondoka mwaka jana. Mashimo tumeyafukia, lakini upande wa chini, walipokuwa wakisaga mawe na kuosha, pamebaki tope la kijivu kama saruji. Likikauka linapasuka vipande, na upepo ukivuma vumbi lake linafika hadi jikoni. Mvua ikinyesha, maji yanayotoka pale yanaacha rangi ya kutu mtaroni.

Msimu wa mvua ya masika nilipanda mahindi. Yalifika magotini, majani yakageuka zambarau, yakadumaa hapo hapo. Sukuma wiki za ukingoni zimekubali vizuri, majani mapana, lakini sijachuma hata moja. Siku moja nikipalilia niliona tone la rangi ya fedha juu ya udongo, dogo kama punje ya wimbi. Nililigusa kwa ncha ya jembe, likagawanyika mara mbili na yote mawili yakakimbia. Ilikuwa zebaki. Niliijua kwa sababu wale vijana walikuwa wakiiweka kwenye chupa za soda.

Nimeshamwaga majivu debe nane na samadi toroli kumi na mbili. Kwenye semina moja tuliambiwa tupande alizeti, eti zitanyonya sumu yote kwa misimu miwili. Mbegu nimenunua kilo mbili. Kabla sijazitia ardhini, naomba anayejua aniambie ukweli. Nina wajukuu watatu na hapo ndipo wanapochezea.

Fundi Udongo, Kisumu

Pole sana mama, kwa kumpoteza mzee na kwa haya uliyoachiwa. Nimefanya kazi ya kupima udongo miaka mingi, kwa hivyo nitakueleza wazi: usizipande alizeti kwa matumaini hayo. Zinaweza kuvuta metali kidogo, lakini zebaki haipandi kirahisi kutoka mizizini hadi majani, na risasi, ile metali nzito ya sumu iitwayo "lead", nayo hung'ang'ania udongo. Misimu miwili haitoshi, hata ishirini. Tena ukishavuna mabua yenye sumu utayapeleka wapi? Ukiyachoma, zebaki iliyomo inapanda na moshi. Ukimpa ng'ombe, inakurudia kwenye maziwa na nyama.

Mmea unaonyonya kweli upo, ila ni wa sumu moja. Mwaka 2001 watafiti wa Florida, Marekani, walitangaza jimbi liitwalo *Pteris vittata*, lililokuwa likiota kwenye kiwanja kilichochafuliwa na dawa za kutibu mbao. Linakusanya aseniki, sumu inayopatikana mawe mengi, majanini, na katika majaribio yao ilizidi gramu 20 kwa kila kilo ya majani makavu. Kwa zebaki hatuna mmea wa namna hiyo ambao mkulima anaweza kuutegemea.

Kwa hivyo lengo lako lisiwe kuitoa sumu. Liwe kuifungia ilipo, isipande na vumbi, isishuke na maji, isiingie sufuriani.

Mahindi yako hayakudumaa lazima kwa sumu. Majani ya zambarau ni dalili ya kukosa fosforasi, na udongo wenye tindikali huificha fosforasi. Ile rangi ya kutu inaniambia kuna mawe yenye salfa yanayooza na kutoa tindikali. Lakini sukuma nazo zisikudanganye kwa kunawiri. Mboga ya majani inaweza kupendeza macho na bado imebeba kadmiamu, metali nyingine ya sumu, ndani na vumbi la risasi juu. Zing'oe, wala usiwape kuku.

Kabla ya kuongeza debe jingine la majivu, pima, maana dawa ya sumu moja huichochea nyingine. Majivu na chokaa hupunguza tindikali, risasi na kadmiamu zikatulia. Aseniki ni kinyume, tindikali ikipungua sana yenyewe huachia na kuanza kutembea. Mbolea ya fosfeti nayo huishika risasi ikawa kama jiwe, lakini humsukuma aseniki atoke alipokuwa amejishika, kwa sababu wawili hao wanagombania kiti kimoja. Na dhahabu ya mawe mara nyingi huwa jirani ya aseniki.

Mchimbaji wa zamani, Migori

Shikamoo mama. Nilichoma zebaki kwa miaka tisa na mikono bado inanitetemeka, kwa hivyo nakuandikia kama mwanao. Uliza majirani wale vijana walichomea wapi. Si pale pa kuoshea. Sisi tulikuwa tukikamua zebaki kwa kitambaa, tunabaki na kidonge cheupe cha dhahabu na zebaki, halafu tunakichoma kwenye jiko la makaa nyuma ya banda, penye kivuli. Moshi hauonekani sana, ila unaangukia pale pale. Hapo panaweza kuwa pabaya kuliko kwenye tope, na pengine leo pameota nyasi nzuri watoto wanakaa.

Mama wa Ikolomani

Marahaba mwanangu, na pole kwa mikono. Umenishtua. Walichomea chini ya mwembe. Wajukuu wamefunga bembea hapo.

Fundi Udongo, Kisumu

Mama, bembea iondoke leo. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Walichafuka kwa kucheza na kula vumbi. Waliosafisha vijiji vile hawakupanda kitu kwanza, walikwangua udongo wa juu na kuweka udongo safi.

Kupima fanya hivi. Gawa sehemu tatu: kwenye tope, chini ya mwembe, na shamba la juu ambalo halikuguswa, hilo ni la kulinganishia. Kila sehemu chota mahali kumi hadi kumi na tano, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, toa nusu kilo. Chini ya mwembe chukua na sampuli ya pili ya sentimita tano za juu peke yake. Usianike juani wala jikoni, zebaki itaruka. Kwenye maabara usiseme tu "pima udongo", watakupimia rutuba. Taja zebaki, aseniki, risasi, kadmiamu na kiwango cha tindikali. Tone la zebaki ukiliona tena usilifagie. Lisukume kwa karatasi ngumu liingie kwenye chupa yenye maji kidogo, funga kabisa, uwaulize NEMA, mamlaka ya mazingira, wa kaunti pa kuipeleka.

Mkulima wa Vihiga

Mimi nimepanda vetiva, nyasi ndefu za kuzuia mmomonyoko, kwenye mteremko wangu uliokuwa ukibebwa na mvua, na nadhani ndiyo inayomfaa mama. Mizizi inakwenda chini wima, mita tatu na zaidi, na haitapakai shamba zima kwa sababu mbegu zake karibu hazioti. Inavumilia tindikali na metali, na nyingi huzizuia mizizini. Gawanya shina, vipande vitatu vitatu, ukate majani yabaki urefu wa kiganja, panda kwa mstari, nafasi ya sentimita 10 hadi 15, kila shimo konzi mbili za mboji. Mstari wa kwanza uwe chini kabisa, kabla ya mtaro. Kwangu mwezi wa kwanza zilionekana zimekufa, majani makavu kama ya kuezekea. Nilivuta moja kwa hasira, ikagoma kutoka. Huku chini ilikuwa imeshashika.

Fundi Udongo, Kisumu

Nakubali, vetiva na mboji nyingi. Mboji huikamata zebaki. Ila maji yasituame hapo hata kidogo. Udongo ukilowa siku nyingi na kukosa hewa, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina inayoingia kwenye samaki, na aseniki nayo hufunguka. Juu ya tope tandaza udongo wenu mwekundu kutoka mahali safi, sentimita 30 ukiweza. Wekundu ule ni chuma, na chuma huishika aseniki vizuri. Majani ya vetiva yasiwe lishe, na mwembe usile matunda yake hadi majibu yatoke.

Mama wa Ikolomani

Nimekata kamba ya bembea nikaifunga kwenye mparachichi wa mbele ya nyumba. Mdogo amelia, nimemwacha alie. Sukuma nimezing'oa nikazilaza juu ya tope. Alizeti nitazipanda shamba la juu, za mafuta. Sampuli nne ziko kwenye mifuko chini ya kitanda, zimeandikwa, na Jumatatu nazipeleka. Mkulima wa Vihiga, vipande vya vetiva mnauziana kwa bei gani? Nahitaji mstari wa hatua arobaini.

Mkulima wa Vihiga

Usinunue mama. Njoo na magunia mawili, mimi nitachimba.