Kongamano la watu 180 Morogoro: tupunguze vipi takataka na mafuta?

Mratibu wa Moro
Wakuu, tuna kongamano la vikundi vya kijamii, siku mbili. Nusu ya wajumbe wanatoka Dar, robo Dodoma, waliobaki ni wa hapa hapa. Bajeti inasema maji ya chupa katoni 60 kwa siku na jenereta la kVA 60. Tukate wapi bila kuwatesa wageni?

Reli na Barabara
Safari kwanza, maana chupa zinaonekana tu lakini mafuta ya magari ndiyo mengi. Dar na Dodoma zote zipo kwenye SGR, treni ya umeme. Ukifungua mkutano saa mbili asubuhi unaweza kuwafungia treni. Watakuja na magari au walale gesti tangu jana yake. Soma ratiba ya treni kwanza, ndipo upange ufunguzi. Na usitoe posho ya mafuta, kata tiketi mwenyewe. Stesheni weka koasta mbili za viti 28, zikizunguka mara tatu watu 135 wamefika.

Jikoni Hamdanganywi
Katoni 60 za lita sita ni lita 360. Hizo ni chupa kubwa za lita 20 zipatazo 18, ongeza mbili za akiba. Zigawe vituo sita. Kituo kimoja kitaleta foleni ya kumaliza mapumziko yote. Waambie kwenye mwaliko waje na chupa zao, ila chukulia theluthi watasahau: vikombe 60 vya bati.

Kuosha ni mabeseni matatu: sabuni na maji moto, maji safi ya kusuuza, kisha jiki ya asilimia 3.5, vijiko vinne vya chakula (mililita 60) kwa lita 20, dakika mbili. Anika, usifute na kitambaa. Wengi huruka beseni la kati. Povu na makombo vinaimaliza nguvu klorini ya jiki, vikombe vinanuka na hata havijatakasika.

Chakula kinamwagwa kwa sababu ya mkataba. Ukiandika sahani 180, mpishi atapika 180 hata wakija 140. Andika kwamba idadi ya mwisho inatolewa saa nne, baada ya kuhesabu vichwa kwenye chai. Pilau, kilo ya mchele kwa watu saba au wanane.

Fundi Mitambo
kVA 60 ya nini? Spika, mixa, projekta mbili na laptop hazifiki kW 4. Hiyo ni kama asilimia 8 ya uwezo wake wa kW 48, na jenereta la dizeli likibeba chini ya asilimia 30 kwa muda mrefu halichomi mafuta vizuri: masizi, na mafuta mabichi yanatoka kwenye ekzosi. kVA 10 inatosha kama ukumbi una madirisha pande mbili na hamtumii AC. Julai Moro kuna ubaridi, jipangeni hapo. Mpishi tu asichomeke birika mbili za kW 3, itakata katikati ya hotuba. Chai ichemkie kwenye gesi.

Mratibu wa Moro
Shukrani sana. Na bango? Halafu mgeni rasmi amezoea chupa mezani.

Jikoni Hamdanganywi
Bango la kitambaa, lisiwe na tarehe wala mwaka ili litumike tena. Mgeni rasmi mwekee jagi la kioo, na kile kitambaa cha kufuma chenye shanga pembeni juu yake.

Fundi Mitambo
Mabango ya flexi ya zamani msiyachome, ni plastiki ya PVC, moshi wake ni sumu. Funikieni mbao au kuni.