MREJESHO: Nimerudi kuchora picha za mtindo wa Tingatinga baada ya miaka 11

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza mtu aliyeacha kuchora miaka 11 anaanzia wapi, maana kila nikishika brashi mkono ulikuwa unakuwa mzito. Wengi mlisema nisianze na picha ya kuuza, nikafuata.

Jumamosi moja nikaenda Oysterbay, Dar, pale Morogoro Stores wanapochorea Tingatinga nikakaa tu kuangalia, aisee ile harufu ya rangi ya mafuta ilinirudisha mbali sana, machozi yakanilengalenga. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na hadibodi (zile mbao nyembamba ngumu) na rangi za baiskeli, akafariki 1972, yaani miaka minne tu na mpaka leo watu wanachora mtindo wake, nikasema basi na mimi muda bado ninao.

Nikanunua vikopo vinne vidogo vya rangi na hadibodi ya sentimita 30 kwa 30. Nilichokuwa nimesahau ni subira, ile rangi inakauka polepole, ukiweka madoa ya kanga (yule ndege) kabla rangi ya chini haijakauka vyote vinachanganyika, kwahiyo napaka ya chini usiku nikitoka job, kesho yake ndo namchora ndege mwenyewe. Mbili za kwanza ziliharibika. Ya tatu kanga katoka, jicho lipo hai kabisa, binti yangu kaomba ikae juu ya kitanda chake.

Uliyenishauri nichore nusu saa kila siku, ubarikiwe sana mkuu. Sasa hivi nipo kwenye picha ya mbuyu, matawi nimemaliza jana, bado ndege.