Watoto wa Bibi 🐟 Samaki wa Jumapili

*Alhamisi*

Rehema 19:02
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jumapili tunaoka samaki wazima ndani ya ganda la chumvi. Wawili, kila mmoja kilo moja na nusu. Nataka majina: nani samaki, nani chumvi, nani mayai, nani oveni ya pili.

Rehema 19:40
Naona mmesoma wote.

Juma 19:58
Chumvi kiasi gani dada? Mimi ninayo ya kijiko kimoja 😂

Rehema 19:59
Kilo 2 kwa kila samaki. Ya mawe. Ile laini ya mezani inayeyuka upesi na kupenya kwenye mnofu.

Juma 20:00
Kilo 4?? Tunaoka samaki au tunazika mtu

Salma 20:01
😂😂😂

Rehema 20:04
Juma, hailiwi hiyo. Unaichanganya na ute wa mayai, mayai manne kwa kila kilo 2, mpaka iwe kama mchanga uliolowa, ukiifumbata inashikana. Unatandaza chini, unamlaza samaki, unamfukia juu na pembeni. Ikipata moto inakauka inakuwa ngumu, mvuke hautoki, samaki anaiva kwa maji yake mwenyewe. Ndiyo maana hakauki.

Mama Mdogo 20:31
Mayai yakikosekana?

Rehema 20:32
Maji kidogo yanatosha Mama Mdogo, ila ganda halitakuwa gumu sana. Je, oveni yako?

*Ijumaa*

Mama Mdogo 06:10
Ijumaa njema yenye baraka kwenu nyote 🌹🌹🌹

Rehema 06:15
Amina. Oveni?

Salma 12:20
Samaki nimeshaagiza mimi. Nimemwambia muuzaji awaparue kabisa, awapasue tumbo lote, tusipate tabu.

Rehema 12:21
HAPANA. Salma mpigie sasa hivi. Magamba yabaki.

Salma 12:22
Jamani, magamba nani anakula?

Rehema 12:24
Hakuna anayekula. Magamba na ngozi ndiyo kinga ya mnofu dhidi ya chumvi. Tukishavunja ganda, ngozi tunaibandua na magamba yake, chini mnofu mweupe. Atoe matumbo na mashavu tu, kwa tundu dogo. Tumbo likiwa wazi chumvi inaingia mle.

Idi 12:40
Kumbe.

Idi 12:41
Kwa hiyo yule wa mahafali ya Juma alikuwa ameparuliwa.

Rehema 12:41
Idi tusianze.

Juma 12:43
Yule hata paka wa jirani alimnusa akarudi kwao 😂

Idi 12:47
Cheka tu. Nilikuwa jikoni siku ile. Shangazi alikabidhiwa samaki kaparuliwa tayari, na pakiti ya chumvi laini. Wala hakuambiwa. Halafu lawama zote kabebeshwa yeye.

Mjomba 12:55
Hayo yalishapita. Jumapili mpira saa ngapi?

Idi 12:56
Yamepita kwako Mjomba.

Mama Mdogo 12:58
Shangazi yenu yumo humu.

Rehema 12:59
Tunajua yumo. Naomba turudi kwenye oveni.

Bibi 14:06
🎤 Ujumbe wa sauti 0:38

Salma 14:15
Kwa mlio kazini, Bibi anasema: "Huyo samaki sitamtia mdomoni kama mwanangu hayupo. Aliyemparua yule wa siku ile anajijua. Na hiyo chumvi ataivunja mwanangu kwa mkono wake, wote mkitazama."

Mjomba 14:31
_Ujumbe huu umefutwa_

*Jumamosi*

Rehema 09:12
Tumemsikia Bibi. Kwa watakaokuwa jikoni: oveni iwashwe mapema ifike 200. Ndani ya tumbo ndimu na majani tu, chumvi mtu asitie. Samaki wa kilo moja na nusu ni dakika 30 hadi 35. Ndani hatumwoni, kwa hiyo nahitaji kipimajoto cha jikoni. Tunakichomeka kupitia chumvi hadi mnofu ulionona, karibu na uti. Kikisoma 60 tunamtoa, joto litapanda lenyewe kidogo. Dakika 10 za kutulia, basi, tunavunja. Akisahaulika humo anazidi kuiva na chumvi inaanza kumwingia.

Juma 09:20
Kipimajoto ninacho, cha homa 😂

Rehema 09:21
Cha homa kinaishia 42. Kiache hukohuko.

Mjomba 11:03
Chumvi naleta mimi. Zote kilo 4. Ya mawe.

Idi 11:10
Asante Mjomba.

Mama Mdogo 13:37
Oveni yangu ipo ila mlango haufungi vizuri.

Rehema 13:38
Itavujisha joto. Mwingine?

Salma 18:50
Rehema usikasirike. Muuzaji alikuwa keshamparua mmoja.

Rehema 18:51
Huyo asiguse chumvi! Atafunikwa kwa karatasi ya foili aokwe kivyake. Mwambie atafute mwingine mwenye magamba yake.

Salma 18:55
Ameshafunga. Nitampigia asubuhi.

Juma 18:57
Nani anavunja sasa, nyundo au mchi? Naomba nichukue video

Rehema 18:58
Mgongo wa kijiko kikubwa unatosha. Unagonga pembeni kuzunguka, kifuniko kinanyanyuka. Halafu brashi, kufagia chembe kabla ngozi haijafunguliwa. Na si wewe wa kuamua nani anavunja.

Shangazi 22:47
Nimeisikia sauti ya Mama.

Rehema 22:47
Shikamoo Shangazi. Kesho utakuja?

Shangazi 22:58
Marahaba. Nitaangalia.

Rehema 22:59
Tutakusubiri, ganda haligusi mtu. Na oveni ya pili jamani?