Nani aliwaambia enamu ipangwe kialfabeti? Sangara wa watu wamegeuka mabondo!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Leo asubuhi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, mama wa watu ameitwa mwizi mbele ya wenzake kwa sababu ya neno moja lililochomekwa vibaya kwenye kodi, yaani maandishi ya programu ya kompyuta.

Mama huyu anapokea samaki kutoka visiwani, na karani huandika mizigo yake kwenye programu ambayo mimi nimekabidhiwa kuitunza. Ripoti ikasema mwezi uliopita kapokea kilo 140 za mabondo, vile vifuko vya hewa vya ndani ya sangara, na hajazitolea hesabu. Kilo 140 za mabondo! Aliyewahi kupasua sangara anajua bondo lilivyo dogo, na bei yake anaijua. Tajiri anadai hela yake. Mama anaapa alipokea sangara tu, na hakuna anayemsikiliza, kwa sababu "kompyuta imesema".

Nikafungua kodi. Imeandikwa kwa lugha ya C#. Enamu ya samaki, yaani orodha ya majina ambayo kila jina lina namba yake, ilikuwa na majina matano: Dagaa, Furu, Kambale, Sangara, Sato. Hakuna aliyeandika namba, kwa hiyo kompaila, ile inayotafsiri kodi kwa ajili ya kompyuta, ikazigawa yenyewe kuanzia 0 kwa kufuata mpangilio: Dagaa 0, Sangara 3, Sato 4. Na kinachokaa kwenye databezi ni ile namba, jina halimo. Ndivyo Entity Framework Core, zana inayounganisha kodi na databezi, inavyofanya usipoielekeza vingine.

Sasa aliyekuwepo kabla yangu akaombwa kuongeza Mabondo. Akayachomeka kati ya Kambale na Sangara ili orodha ikae kialfabeti! Mabondo yakachukua 3. Sangara akasogezwa hadi 4, Sato hadi 5. Kompaila haikulalamika, seva haikuanguka, na kuanzia siku hiyo kila mzigo wa zamani wa sangara unasomeka mabondo, na sato wa zamani wanasomeka sangara.

Mtasema nigeuze tu 3 zote za zamani ziwe 4 na 4 ziwe 5. Ningeshafanya. Simu za makarani wa Mwaloni zilipata toleo jipya siku ileile, lakini za Ukerewe zilikaa wiki mbili na toleo la zamani, zikiendelea kutuma 3 kwa maana ya sangara. Jedwali moja, tarehe moja, 3 mbili zenye maana tofauti, na hakuna safu inayoonyesha mzigo uliandikwa kwa toleo lipi. Hapo ndipo nimekwama tangu saa nne asubuhi.

Na hiyo 0 ya Dagaa nayo ni balaa lake. Karani akisahau kuchagua aina, thamani inabaki 0, basi fomu isiyojazwa inaingia kama dagaa. 0 ilipaswa kuwa "Haijachaguliwa", na samaki waanzie 1. Tena ukichukua 9 ukaigeuza kuwa aina ya samaki, C# inaipokea kimya kimya wakati hakuna jina lenye 9. Usipoikagua mwenyewe kwa Enum.IsDefined, inapita hadi kwenye ripoti.

Mnaoandika programu kwa lugha ya Java msianze kunicheka. Mkihifadhi namba ya nafasi ya jina kwenye enamu yatawakuta haya haya, na nyaraka za Java zenyewe zinasema waandishi wengi wa programu hawana haja na namba hiyo.

Kinachoniuma ni udogo wa kazi yenyewe. Andika Sangara = 3, Sato = 4, halafu Mabondo = 5, uyaweke popote unapotaka kwenye orodha. Alfabeti ipangwe kwenye skrini! Namba ikishaingia kwenye hesabu za watu haiguswi tena. Ni hela za watu zile, ni jina la mtu sokoni.

Bahati nzuri yule mama ana kaunta buku, kila mzigo kauandika kwa kalamu, na kilo zake zinalingana na databezi mstari kwa mstari. Kesho alfajiri nakwenda kukaa naye na yule tajiri tuzipitie. Ila wapokeaji wengine hawana daftari. Aliyewahi kutenganisha rekodi zilizochanganyika namna hii, pengine kwa kufuata simu iliyotuma, aniambie alianzia wapi.