Buti za baridi kali: ganda moja, ganda mbili au plastiki?

NahodhaWaShela
Salaam aleikum jamaa. Mimi naendesha jahazi la watalii hapa Lamu, na miguu yangu tangu utoto imejua makubadhi, champali na mbao za jahazi tu. Mwaka juzi mteja mmoja alinipeleka Lenana, kilele cha Mlima Kenya, mwaka jana nikafika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, na sasa ugonjwa umeshanikaa. Januari tunakwenda Aconcagua, Argentina, mita 6,961.

Kilimanjaro nilivaa buti za kawaida za kutembelea. Alfajiri tukikaribia Gilman's, ukingoni mwa shimo la kilele, nilikuwa nakanyaga sizisikii nyayo. Vidole vilirudi jua lilipotoka, lakini vilinitia hofu.

Nafikiria tatu. La Sportiva Nepal Evo, ganda moja, yaani kitambaa cha joto kimeshonewa humo humo. Scarpa Phantom 6000, ganda mbili, yaani kiatu cha ndani kinachomoka, na geta, ile kinga ya kuzuia theluji isiingie, imeshonewa juu kabisa. Ya tatu ni Koflach Degre ya plastiki. Kuna jamaa Malindi anaiuza bei ya kutupa. Nichukue ipi?

PagaziMstaafu
Waleikum salaam nahodha. Nimebeba mizigo njia ya Naro Moru, Mlima Kenya, miaka mingi kabla baridi haijanifukuza nikaja Malindi kuuza madafu, kwa hiyo sikiza.

Nepal Evo ni buti tamu. Kwa Batian, kilele cha mawe cha Mlima Kenya, ningeishika hiyo mbele ya zote: inashika jiwe, na ni nyepesi kuliko za ganda mbili. Ubaya wake utauona usiku. Mguu unatoka jasho hata kwenye theluji, na kwenye ganda moja lile jasho linaingia ndani ya kitambaa cha joto kilichoshonewa humo humo. Huwezi kukitoa. Ukiamka hemani, buti imeganda kama samaki wa barafu na mguu wako unaingizwa mle. Ganda mbili, unachomoa kiatu cha ndani, unalala nacho kwenye begi la kulalia, asubuhi unakivaa kikiwa na joto.

Kwa hiyo swali langu kwako ni utalala usiku mangapi juu ya mita 5,000. Lenana unapanda na kushuka siku ile ile, ganda mbili kule ni kujitesa. Aconcagua ni habari nyingine.

FundiViatu_Mld
Hiyo Koflach usiiguse kabla hujaniletea niione. Sisemi ni mbaya; zamani wapandaji wengi walipanda nazo milima mirefu, hazipitishi maji na kiatu cha ndani kinatoka. Lakini plastiki inazeeka. Ikipigwa na joto la pwani miaka, halafu ukaipeleka kwenye baridi kali, inapasuka kwenye kifundo bila hodi.

Na za ngozi pia, jamani, angalieni soli. Mwezi uliopita nililetewa buti za Kitaliano, zimekaa kwenye stoo ya nyumba ya ufukweni, hazijavaliwa hata mara kumi. Juu zinang'aa. Nikabonyeza ile sponji iliyo kati ya soli na ngozi kwa ukucha, ukucha ukazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Nikavuta kidogo, soli nzima ikabaki mkononi. Ile sponji ni poliyurithani, inaliwa na unyevunyevu hata kiatu kikiwa kabatini, na unyevunyevu wa huku kwetu mnaujua wenyewe. Mitumba ya mlima bonyezeni kwanza, bei baadaye.

BintiMambrui
Mimi nina wazo, msinicheke. Ami yangu ana chumba cha barafu cha samaki, kinashika -18. Nahodha aje avae buti akae mle saa moja, atajua.

PagaziMstaafu
@BintiMambrui sikucheki mwanangu, lakini chumba cha ami yako kiko usawa wa bahari. Kwenye mita 5,500 mgandamizo wa hewa ni nusu tu ya huku. Mwili ukikosa oksijeni, damu inabanwa katikati, vidole vinasahauliwa. Atatoka kwa ami yako akijisifu, kisha mlima umwaibishe.

Ila kwa kujua kama kiatu kinabana, aingie tu. Kiatu kinachobana ni baridi hata kingekuwa kinene namna gani.

BintiMambrui
Sawa babu. Samaki watamsubiri.

Mwalimu_Langoni
Hesabu kidogo. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Lamu ikiwa 30, toa 45 hivi kwa mita 6,961. Umebaki na -15, na hapo sijahesabu upepo wala usiku. Nepal Evo mimi ningeifuta.

Kwenye orodha ongeza La Sportiva Spantik. Nayo ni ganda mbili ila geta haikushonewa juu, ya kwako unabeba mwenyewe. G2 Evo ya kampuni hiyo hiyo inafungwa kwa waya na kitufe cha kuzungusha badala ya kamba. Vidole vikiwa ganzi ni raha, lakini mimi kitu kinachoweza kuvunjika nisichoweza kukifunga fundo sikipendi. Samahani, ni ubaharia huo.

Scarpa na La Sportiva zote za Kitaliano, lakini kwa mguu wangu mpana Scarpa hunikaa vizuri zaidi. Sisi tuliokulia mchangani vidole vimetanuka. Usinunue kwa picha.

NahodhaWaShela
Ahsanteni sana. Koflach nimeiacha. Phantom nimeona bei, wallahi ni bei ya tanga jipya. Na soksi? Nilidhani nikivaa mbili nene nitaokoka.

FundiViatu_Mld
Ndiyo zilizokuponza Kilimanjaro, nadhani. Soksi mbili nene ndani ya kiatu kilichonunuliwa kwa soksi moja, damu itapita wapi? Vaa moja nyembamba na moja ya sufu, na kiatu kiwe na nafasi ya vidole kucheza. Pima mguu jioni, maana hapo umevimba.

Mwalimu_Langoni
Na kwa nini ununue? Mendoza, mji mnaoanzia safari, kuna maduka yanayokodisha buti za ganda mbili. Unazijaribu mguuni pale pale, ukishuka unarudisha, hakuna stoo ya Lamu kuzila. Kodi mapema tu; Januari ndio msimu wenyewe na saizi huisha. Wakikupa kramponi, yale meno ya chuma ya kukanyagia barafu, zifungwe kwenye hiyo hiyo buti mbele yako dukani. Za kubana mbele na nyuma zinataka soli ya buti yenye ukingo mbele na nyuma, zisipokaa sawasawa zinachomoka kwenye mteremko.

Buti zako za Kilimanjaro vaa nazo ndege, ndizo za kufikia kambi ya chini. Begi likipotea utakuwa na kitu mguuni.

PagaziMstaafu
Kukodi. Hapo mwalimu kasema.

NahodhaWaShela
Basi ni kukodi, in shaa Allah. Soksi za sufu nitaagiza Nairobi. Mazoezi nafanya kwenye vilima vya mchanga vya Shela alfajiri, nikiwa na buti na mkoba wa kilo 15. Punda wananitazama kama mwizi.

Nimepima baada ya magharibi, kisigino ukutani. Kulia sentimita 27.4, kushoto 28. Nitaje upi?

FundiViatu_Mld
Wa kushoto, nahodha. Na uongeze nusu saizi.